Maziwa ya Pakiti kwa Mlima wa Mungu

Naitoi hakulia. Hilo ndilo watu walilolishika, na watu wakishashika jambo hawaliachii. Siku ya mazishi ya binti yake alisimama kando ya kaburi, kichwa kimenyolewa, shanga zote amezivua, akatazama udongo ukirudishwa mpaka ukaisha, kisha akageuka akaenda kukamua ng'ombe. Wanawake wa Kabuku anaowauzia maziwa wakasema, mama gani huyu? Wengine wakasema ndivyo Wamasai walivyo, wana roho ngumu. Aka! Anayesema hivyo hajawahi kukaa na Wamasai hata wiki moja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu alikuwa na sababu yake, nzito kuliko maneno yote ya barabarani.

Sababu yenyewe inaanzia mbali, kaskazini, chini ya mlima unaotema moto. Lakini kabla hatujafika huko, kuna jambo. Binti huyo alikuwa na jina, tena jina zuri, ila kwao mtu akishafariki jina lake halitajwi tena. Si na baba, si na mama, si na jirani. Hata mtoto wa boma la pili aliyekuwa na jina hilohilo alibadilishiwa, sasa wanamwita Nasha, naye maskini mpaka leo akiitwa anachelewa kugeuka. Kwa hiyo na sisi hapa tutasema "binti" tu, mpaka atokee mtu asiyejua desturi. Atatokea.

Naitoi aliolewa na Nkoitiko akiwa msichana, huko ambako ukitoka nje asubuhi kitu cha kwanza kukiona ni mlima. Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Umesimama peke yake, umechongoka juu, na miaka mingine unafuka moshi. Watu wa pale hawaukimbii, wala hawauzoei. Wanauheshimu tu, kama mzee mkali anayekaa jirani.

Mvua zilikuja zikaenda, Naitoi hakupata mtoto. Mama mkwe wake hakusema neno, na huko kutosema kulimchoma kuliko matusi. Basi mwaka mmoja wanawake wenye shida kama yake walikusanyika, wakajipaka mafuta, wakabeba maziwa kwenye vibuyu, wakaenda wakiimba mpaka chini ya mlima. Ndiyo desturi: mwanamke akikosa mtoto anakwenda kumwomba Mungu mlangoni pake. Naitoi alimwaga maziwa yake chini akasema, "Nipe mmoja tu. Ukinipa, nitakuja naye akitembea kwa miguu yake, na maziwa mkononi, umwone."

Akapewa. Msichana mwenye macho makubwa na kelele nyingi. Naitoi alimbeba mgongoni hata alipokwenda kuchota maji karibu tu, watu wakamtania kwamba huyo mtoto atasahau kazi ya miguu. Hakujali. Aliyekosa kwa muda mrefu haoni haya kushika kwa mikono miwili.

Binti hajajua hata kukaa, mlima ukalipuka. Ni ule mwaka wa 2007, wenyeji wa kule wanaukumbuka. Majivu yalianguka juu ya nyasi kama unga uliomwagwa, mifugo ikala ikaugua, watu wakahama na watoto migongoni. Baadaye ukaja ukame uliomaliza ng'ombe waliobaki kwa wengi. Nkoitiko akawaswaga wake wachache kuelekea kusini, safari ndefu, mpaka huku kwenye tambarare za Handeni alikokuwa na ndugu zake. Naitoi akafuata na mtoto, na ahadi yake kifuani.

Nitampeleka mvua zikikatika, alisema. Nitampeleka akipata nguvu za kutembea. Nitampeleka tukiuza ndama. Kumbe ngoja ngoja huumiza matumbo. Mlima ulikuwa mbali, nauli si mchezo, na kila mwaka ulikuja na shida yake. Ila Naitoi hakuisahau ahadi hata siku moja. Alimweleza binti yake angali mdogo: wewe uliombwa, na siku moja tutakwenda pamoja kushukuru, mimi mbele na wewe nyuma. Aliyeahidi ndiye anayepeleka. Mtoto hajipeleki mwenyewe.

Binti akasoma. Nkoitiko, ambaye watu walidhani atamwoza mapema, alimshangaza kila mtu: akampeleka sekondari ya bweni Korogwe, akasema anataka mtu mmoja katika boma lake asiyedanganywa na mizani ya mnadani. Huko Korogwe binti akakutana na Mwalimu Agripina, Msambaa wa Dindira, anayefundisha jiografia kwa mikono na miguu. Na mtoto wa watu akashikwa na jiografia vibaya sana. Akirudi likizo ilikuwa ni mito, ni miamba, ni volkano, mpaka wifi yake Naitoi, anaitwa Naomi, akawa anaziba masikio.

"Yeyo," alisema siku moja, ndivyo walivyomwita mama kwao, "unajua kwa nini mlima wetu unatapika?"

Walikuwa Kabuku, wamemaliza kuuza maziwa, wamekaa kwenye benchi la duka la Mbaruku wakisubiri bodaboda. Mama akasema anatapika aliyekula kibaya. Binti akacheka mpaka akashika mbavu.

"Chini kabisa ya ardhi kuna mwamba wenye moto ambao hakuna jiko lake hapa duniani. Lakini haujayeyuka. Ni mgumu."

"Wa moto hivyo, halafu haujayeyuka?"

"Kwa sababu ya mzigo. Ardhi yote hii, milima, bahari, na mimi na wewe, tumeukalia. Umebanwa, hauna nafasi ya kuyeyuka. Sasa kule kwetu ardhi inapasuka, inavutwa huku na huku, ndiyo lile Bonde la Ufa. Pale inapokuwa nyembamba, mwamba wa chini unapanda, na mzigo juu yake unapungua. Ndipo unapoyeyuka. Hakuna aliyeuongezea moto, yeyo. Umepunguziwa mzigo tu."

Naitoi akamwangalia. Binti akaona hajaaminiwa, akanyoosha mkono akachukua chupa ya soda iliyokuwa juani, akaitikisa. "Angalia. Gesi imo humu, unaiona?"

"Sioni kitu."

"Haya." Akaifungua. Lo! Soda iliruka yote ikamlowesha mama yake kuanzia shingoni, shuka jipya, mbele za watu. Mbaruku alitoka dukani akicheka na kulalamika kwa pamoja. Naitoi alimpiga binti yake kofi la mgongoni, lile la mapenzi, akasema kama ndivyo wanavyofundishwa Korogwe basi bora arudi kuchunga mbuzi.

"Ndiyo volkano hiyo," binti akasema, anafuta machozi ya kicheko. "Uji wa mwamba ukishayeyuka unakuwa mwepesi kuliko mawe yanayouzunguka, unapanda, na gesi iliyojificha ndani yake inapata nafasi. Basi unaruka."

Jioni, Naitoi akipika kande, akalirudia mwenyewe. Alikuwa amezoea kusikia kwamba uji wa mlima wao si mwekundu kama wa milima mingine. Mchana unaonekana mweusi, unatiririka kama tope jepesi, na baada ya muda mfupi unakauka ukawa mweupe. Akauliza kwa nini.

Binti akanyoosha kidole kwenye chungu. "Umetia nini humo ili maharage yaive upesi?"

"Magadi."

"Na mlima wetu mawe yake yamejaa magadi. Yanayeyuka kwa moto mdogo kuliko mawe ya milima yote. Mwalimu anasema dunia nzima sasa hivi hakuna mlima mwingine unaotoa uji wa namna hiyo."

Hapo Naitoi alifurahi, maana kila mtu hupenda kusikia kwao kusifiwe. Lakini furaha haikukaa. Akakoroga, kisha akauliza lile lililomkwaza. "Kwa hiyo Mungu hayumo? Ni mawe na magadi tu?"

"Sijui, yeyo. Mwalimu anatufundisha mwamba unavyoyeyuka. Hajatufundisha nani aliyeagiza."

Jibu zuri, na Naitoi alilipokea. Mtu aliyeombwa na kupewa mtoto hawezi kukubali kwamba aliongea na mawe. Ukimwambia hivyo umemnyang'anya hata yule aliyempa.

Mwaka jana, binti akiwa kidato cha nne, shule ikapanga ziara ya kaskazini. Mwalimu Agripina aliipigania mpaka ikakubaliwa: wanafunzi wa jiografia wakaone Bonde la Ufa na volkano kwa macho yao. Binti akapiga simu nyumbani, sauti inaruka kwa furaha.

"Huendi," Naitoi akasema.

"Yeyo!"

"Huendi bila mimi. Mimi ndiye niliyeahidi. Utasimama pale kama nani, mikono mitupu? Ngoja umalize mtihani, tutauza ndama, tutakwenda sote."

Binti akabembeleza, mama akakataa. Nkoitiko aliposikia alisema kusoma ni kusoma, mtoto aende. Naye baba ndiye mwenye ruhusa, basi binti akaenda. Siku aliporudi Korogwe alipiga simu tena. "Yeyo, nimeuona. Nina jambo la kukwambia, lakini si la simu. Nikija likizo nitakwambia."

Sasa hapa, ndugu yangu, laiti ulimi ungekuwa na mlango! Naitoi alikuwa na hasira ya siku kadhaa, ameisaga imekuwa laini. Akasema, "Umekwenda mlangoni kwa Mungu mikono mitupu, kama mwizi. Usiniambie kitu." Akakata simu.

Hawakuongea tena. Kabla likizo haijafika binti alishikwa na homa, akaificha ili asikose mitihani ya majaribio, na watu walipogundua malaria ilikuwa imeshampanda kichwani. Naitoi alifika Korogwe na basi la asubuhi. Akamkuta binti yake amelala, macho hayamjui mtu. Aliushika mkono ule mpaka ulipopoa.

Hiyo ndiyo sababu. Sasa umeielewa? Naitoi hakulia kwa kuwa alijua nani amemuua mwanawe. Ni yeye. Aliahidi akachelewesha, mtoto akatangulia peke yake bila maziwa, bila mama, na Mungu akaona basi, kama hamniletei kwa heshima nitamchukua mwenyewe. Muuaji halii msibani kwa aliyemuua. Ndivyo alivyowaza, na hakumwambia mtu, si mumewe, si Naomi. Na lile jambo lisilo la simu lilimzunguka kichwani kila siku akikamua. Alitaka kuniambia nini? Kwamba mlima umemkasirikia? Kwamba anaumwa? Nami nikamfungia mlango.

Tena hapakuwa na pa kulisemea. Jina halitajwi, basi na habari zake hazitajwi. Watu walimzunguka kwa upole, wakaongea mvua, wakaongea bei ya ng'ombe. Desturi hiyo ina maana yake, wazee waliiweka ili walio hai waendelee kuishi, siiponde. Lakini Naitoi ilimkalia kifuani kama jiwe la kusagia. Akakonda. Magadi akaacha kuyatia kwenye kande. Maharage yalichemka mchana kutwa, magumu, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mwalimu Agripina alikuwa amekuja mazishini, na Naitoi akampa mgongo. Yeye ndiye aliyempeleka. Kwa hiyo siku ile ya kiangazi alipoteremka kwenye bodaboda mbele ya boma, gauni limejaa vumbi jekundu, kopo la siagi amelikumbatia kifuani, Naomi alisimama kabisa kwa wasiwasi.

"Shikamoo, mama," mwalimu akasema.

Naitoi alikuwa anasafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto. "Marahaba," akaitikia, bila kuinua kichwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema; huyu mwenyeji hakuonekana kama anataka kupona. Hata hivyo adabu ni adabu, akasogeza kigoda.

Mwalimu akakaa. Alikuwa mwanamke kijana bado, na msiba ule ulimkalia vibaya hata yeye. "Mama, nimekuja kwa sababu nimefungua kabati langu la shuleni nikakuta hiki. Alinipa Nailantei nimtunzie."

Naomi alidondosha kibuyu. Nkoitiko, aliyekuwa langoni kwa ng'ombe akikagua kwato ya fahali, akainuka taratibu. Tangu mazishi jina hilo halikuwa limesikika ndani ya boma lile.

"Mwalimu," Naomi akamnong'oneza, amemshika mkono, "usilitaje. Kwetu aliyekufa hatajwi jina."

"Yesu wangu!" Mwalimu akaziba mdomo. "Nisamehe, mama. Sikujua. Nisameheni wote." Akataka kusimama, aondoke.

"Kaa," Naitoi akasema. Kijinga kilikuwa kimemzimikia mkononi. "Humo mna nini?"

Mwalimu akalifungua kopo. Ndani hamkuwa na kitu ila unga mweupe na vipande viwili vitatu vinavyovunjika. "Ni jiwe la Lengai. Alipewa na kiongozi wetu wa pale, likiwa jeusi kabisa. Alisema ni la kwako, akija likizo atakuletea. Limegeuka hivi lenyewe kabatini."

Naitoi akachovya kidole, akakiweka ulimini. Magadi. Ladha ya kwao, ya upepo wa asubuhi, ya siku alizokuwa msichana. Akafumba macho.

"Hakwenda na kitu," akasema polepole. "Alikwenda mikono mitupu."

"Nani?" Mwalimu akashangaa. "Hapana, mama! Mikono mitupu? Mbona alitusumbua! Tulipopita Mto wa Mbu alishuka kwenye basi, akanunua maziwa, yale ya pakiti. Wenzake wakamwomba hata kidogo wanywe, akakataa katakata, wakamnunia njia nzima. Tulipofika chini ya mlima akatoka pembeni peke yake, akavua viatu, akaikata ile pakiti kwa meno, akayamwaga yote chini. Huku anaimba. Mimi nilimgombeza, mama, sikufichi. Nilimwambia unamwaga maziwa na wenzio hawajanywa chai?"

Naitoi akalivuta kopo, akalipakata.

"Akaniambia, si yangu, mwalimu, ni ya mama. Nikamuuliza umesema nini kwa Kimasai, akanitafsiria. Alisema: Ni mimi niliyeombwa. Nimekuja kwa miguu yangu. Mama yangu yuko mbali, ameniomba nisije bila yeye, basi haya pokea kama yametoka mkononi mwake, wala usimkasirikie."

Nzi walisikika kwenye mdomo wa kibuyu.

"Ya pakiti?" Naitoi akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ya pakiti! Maziwa ya pakiti, kwa Mungu!" Na hapo, jamani, Naitoi akacheka. Alicheka kama alivyocheka Kabuku shuka likiwa limelowa soda, mtoto gani huyu, akina baba wamefuga ng'ombe tangu dunia iumbwe, yeye anampelekea Mungu maziwa ya dukani! Mwalimu naye akatabasamu, hajui kama inafaa. Kisha kile kicheko kikapinda katikati. Naomi alikisikia kikipinda, akasogea haraka. Naitoi alikuwa ameinamia kopo, mabega yanatikisika, na sauti iliyotoka haikuwa ya kicheko tena.

Mungu hakukosewa. Maziwa yalifika, mtoto alionekana, ahadi ilitimia. Hakuna aliyeadhibiwa. Ile hatia aliyoikalia miezi yote iliondolewa juu yake na mgeni mwenye vumbi asiyejua hata anaondoa nini, na chini yake kulikuwa na kifo tu. Binti yake amekufa. Amekufa kwa homa, kama watoto wa watu wengine, na jambo lisilo la simu lilikuwa zawadi, na yeye alilikatia simu. Naitoi alilia kwa sauti iliyowafanya ng'ombe waache kula na kuinua vichwa. Alilia mpaka wanawake wa boma la pili wakaja mbio, wakamkuta chini, unga mweupe umemjaa usoni na umelowa.

Mwalimu akamgeukia Naomi. "Nimefanya nini? Naomi, nimefanya nini?"

"Mwache," Naomi akasema, naye analia. "Mwache alie."

Jua lilikuwa limeanza kushuka Naitoi alipoinua kichwa. Sauti ilikuwa imekauka. Akamshika mwalimu pindo la gauni, kama mtoto anavyomshika mtu mzima sokoni.

"Mwalimu, litaje tena."

Wote wakageuka kumtazama Nkoitiko, maana neno la mwisho lilikuwa lake. Mzee yule alikuwa bado langoni, ameegemea fimbo. Aliwatazama wanawake, akamtazama mkewe pale chini. Kisha akageuka akawapa mgongo, akaelekeza uso kwa ng'ombe, lakini hakuondoka.

Mwalimu akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Nailantei."

"Tena," Naitoi akasema.